Kifuniko cha Kamera ya Singano

"Kifuniko huonwa na anayepigwa picha."

Hivyo ndivyo Mzee Kaoneka alivyomjibu mjukuu wake Hoza siku walipokuwa wakimenya viazi vya shughuli, nyuma ya nyumba yao mjini Lushoto. Hoza alikuwa akilalamika kwamba nyumba nzima imemnunia, kuanzia mama yake hadi dada zake, na yeye hajui amekosa nini.

"Kifuniko gani tena, babu?" akauliza Hoza. "Mimi nakueleza habari za watu, wewe unaniletea masufuria."

Vijana wenzake waliokuwa wakimenya nao wakacheka.

"Si cha sufuria, ni cha kamera," akasema mzee. "Menyeni polepole, msije mkamaliza viazi kabla sijamaliza maneno. Methali hii ina baba na mama, nami nawajua wote wawili. Ilizaliwa hivi."

Hapa mjini palikuwa na mpiga picha aitwaye Singano. Alikuwa na kamera ya chuma tupu, ya mkanda, isiyojua betri wala umeme; ndani yake mlikuwa na magurudumu madogo kama ya saa. Ukitaka kumpiga mtu, unachungulia kwenye kidirisha kilicho juu ya lenzi. Humo unamwona mtu wako yuko wawili, mmoja kama kivuli cha mwenzake. Unazungusha pete ya lenzi taratibu, mpaka wale wawili wanalaliana, wanakuwa mmoja. Hapo ndipo unabonyeza.

Singano alikuwa bingwa wa kuwafanya wawili kuwa mmoja. Yeye alichungulia, na mkewe Zubeda alisimama ubavuni pake, akiwaweka wateja kola sawa, akiwafuta watoto makamasi, akiwatania wazee wenye mapengo mpaka wacheke. Studio yao haikuwahi kutoa picha ya mtu aliyenuna.

Kisha Zubeda akafariki.

Msiba haujapoa, likaja la pili. Singano alikwenda msitu wa Magamba kupiga picha za wanafunzi waliotembezwa huko. Kabla hajapiga hata moja, akaiweka kamera juu ya jiwe apige chafya. Kufumbua macho, nyani keshaivaa shingoni, yuko kileleni. Wakata kuni huapa kwamba mpaka leo nyani wa kule wakimwona mtu hujipanga mistari miwili, wafupi mbele, warefu nyuma. Mwenye kubisha aende akawaulize nyani.

Singano akafunga studio. Akawa mtu wa kusalimia na kupita.

Sasa, kitinda mimba wake, Saumu, akapata mchumba. Akamwendea babaake akasema, "Baba, mimi sitaki picha za simu. Ulinipiga nilipotimiza siku arobaini, mama akiwa hai. Na siku ya harusi yangu utanipiga wewe, kwa kamera kama ile ile."

Singano akaitika, "Nitakupiga, mwanangu." Neno likishatoka kinywani mwa mzazi halimezwi tena.

Akaisaka kamera. Alikwenda Korogwe, akaenda Tanga, akafika hadi Moshi. Kila duka walimwonyesha vitu vya plastiki vinavyolia kama vifaranga. Muuzaji mmoja wa Tanga alimwambia, "Mzee wangu, hiyo ukiipata, watu wa makumbusho watakuja kukuchukua wewe pamoja nayo." Harusi ikawa inakaribia, na Singano hata usingizi akaukosa.

Ndipo aliposikia kwamba kule Mlalo yuko mjane, Bi Mwanamvua, na marehemu mumewe alikuwa nayo moja ya aina ile ile. Akapanda Mlalo, akabisha hodi, akamkuta anachambua maharage.

"Waliokuja kuitaka ni wengi," akasema Bi Mwanamvua baada ya salamu. "Mmoja alitaka kuipanga kabatini na vikombe vya wageni. Lakini marehemu aliacha neno, asipewe mtu asiyeijua. Wewe unaijua?"

"Bibi, mimi na kamera ya aina hii tumezeeka pamoja."

"Basi nipige. Nikijiona kwenye picha, tutaongea biashara. Nisipojiona, barabara uliyojia ipo."

Akaitoa kamera ndani ya kanga iliyokunjwa vizuri. Singano akaipokea kwa mikono miwili. Akatia mkanda mpya, akachungulia. Bi Mwanamvua wawili wameketi mbele yake. Akazungusha pete, wakawa mmoja.

"Cheka kidogo, bibi."

Bi Mwanamvua akaitazama kamera. Akamtazama na Singano. Midomo ikamcheza kama mtu mwenye neno, kisha akaangua kicheko. Alicheka mpaka maharage yakamwagika kutoka kwenye ungo. Singano akabonyeza. Akamwambia ageuke, akageuka; amwangalie kuku, akamwangalia kuku; na kila mara alipomtazama mpiga picha, kicheko kilimpanda upya. Singano naye akajikuta anacheka, bila kujua anachekea nini, mpaka mkanda ukaisha.

Akaiacha kamera pale, akarudi Lushoto na mkanda mfukoni. Akaingia katika chumba chake cha giza, akausafisha, akautundika, akawasha taa.

Mkanda ulikuwa mtupu. Mweupe, kama kioo kilichooshwa.

Akaukagua mwanzo hadi mwisho, akafikiri dawa zimeharibika. Kisha akakumbuka: kwenye kamera ile kidirisha ni kitu kimoja na lenzi ni kitu kingine. Lenzi ikiwa imefunikwa, wewe kidirishani unaendelea kuona dunia nzima, na kamera haioni kitu. Akajaribu kuukumbuka mkono wake ukivua kifuniko. Hakuukumbuka. Akajaribu kukumbuka siku nyingine, mwaka mwingine, harusi yoyote, ubatizo wowote. Mkono uliomjia haukuwa wake. Ulikuwa wa Zubeda. Mkewe alikuwa akimchekesha mteja, kisha kimyakimya anavua kifuniko na kukifumbata kiganjani mpaka picha ipigwe. Maisha yote ya ndoa yao hakuwahi kumwambia.

Singano akaketi kwenye kigoda cha wateja. Siku ya mazishi alikuwa na kazi ya kuwashukuru watu. Kulia, alilia usiku ule wa mkanda mtupu.

Asubuhi akapanda tena Mlalo.

"Bibi, nimekuletea mkanda mtupu," akasema. "Sikuvua kifuniko."

"Najua."

"Unajua?"

"Si kilikuwa kinanikodolea mimi? Cheusi, kama kifungo cha koti. Wewe unaniambia cheka, mimi nasema moyoni, huyu bwana leo anakipiga picha kifuniko."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Bi Mwanamvua akainamia maharage yake. "Ningekuambia, ungepiga moja, ukachukua kamera, ukaenda zako. Tangu mwenzangu aondoke, watu wananiambia jikaze. Hakuna aliyewahi kuniambia cheka. Nikasema, mwache aendelee."

Singano akaukunja ule mkanda mtupu. Kisha neno likamtoka taratibu: "Mke wangu ndiye aliyekuwa akikivua. Nami jana ndiyo nimejua."

"Kifuniko huonwa na anayepigwa picha, Bwana Singano. Hata hicho kingine."

"Kipi?"

"Ulipoingia hapa mara ya kwanza, ulinisalimu kwa meno tu, macho umeyafunika. Nilikiona kabla ya hiki cha kamera."

Kuku akapita katikati yao, hakuna aliyemfukuza.

"Basi mtihani nimeanguka," akasema Singano.

"Umeanguka. Na kamera siuzi."

Singano akainuka. Alimwona Saumu mbele ya macho yake, amekaa na shela, anamngoja.

"Unakwenda wapi?" akauliza Bi Mwanamvua. "Nimesema siuzi, sijasema haitoki. Itakwenda Lushoto harusini. Ila itakwenda na mtu wa kuvua kifuniko."

Siku ya harusi Saumu aliketi na mumewe mbele ya babaake. Singano akachungulia, akazungusha pete. Saumu akakiona kifuniko, akafungua kinywa aseme, "Baba..." Kabla neno halijafika, mkono wa mwanamke ukatokea ubavuni, ukakivua, ukakifunga katika pindo la kanga. Upande ule Saumu hakuwa ameuona mkono tangu mama yake alipofariki. Akatabasamu na chozi likamtoka, na babaake akabonyeza hapo hapo.

Tangu siku ile, Mlalo Bi Mwanamvua akawa anakwenda kusalimia tu. Na kifuniko kile hakikutoka tena katika pindo la kanga yake, ila kwa kazi.

Hapo Mzee Kaoneka akamaliza. Hoza alikuwa ameshika kiazi kile kile tangu nyani alipopanda mti.

"Babu, ina maana na mimi ninacho?"

"Mimi niko ubavuni pako, mjukuu wangu, sioni vizuri. Waulize wanaokutazama usoni."

Hoza akaweka kisu chini, akaingia jikoni kwa mama yake. Huku nje wakasikia sauti ya chini ya mtu anayeuliza, kisha sauti ndefu ya mama anayeeleza, na baada ya kitambo, kicheko cha watu wawili.

Mzee akakiokota kile kiazi, akaanza kukimenya.

"Mmesikia?" akasema. "Kifuniko huonwa na anayepigwa picha."