Turubai la Siku Nne

Anayesubiriwa hapiti kando.

Mmemsikia mama yenu mdogo akimwambia Nderingo maneno hayo kwenye simu, mkacheka, kwa sababu Nderingo anatoka Moshi tu, na alichotaka ni kupita kwanza kwa fundi wake. Chekeni. Aliyeyasema mara ya kwanza hakuwa na kicheko, na kwa kuwa mmeuliza yalikotoka, kaeni niwaambie. Ilianza hivi.

Eliamani alikuwa mtoto wa ukoo huu, kifungua mimba wa Mama Anansia. Alikwenda Norwei kusoma, akapata kazi katika kiwanda cha samaki, akamchukua mkewe Haika, wakazaa huko watoto wawili, wa kwanza binti, Manka. Ikapita miaka tisa bila yeye kukanyaga kihamba, shamba la migomba alikozaliwa na alikozikwa baba yake. Mama aliwajua wajukuu wake kwa picha. Kila aliyetoka huko aliulizwa kama watoto wale wana afya kweli au ni ujanja wa kamera.

Mwaka wa tisa likizo ikapatikana. Eliamani akampigia mama yake kwamba wangetua Jumanne, saa nne asubuhi. Mama akaikariri siku ile kama mtoto wa kipaimara anayekariri amri kumi. Kutoka uwanja wa ndege hadi kwake hata gari bovu halimalizi saa mbili.

Alichonyamazia Eliamani ni kwamba alikuwa ameshalipia siku tano za kutembelea mbuga za wanyama, na siku hizo zilianza Jumanne ile ile. Watoto walitaka simba. Naye alijiambia kwamba mama angekaa nao wiki tatu nzima, siku tano zingempunguzia nini? Lakini moyoni alijua, maana jambo usilotaka mama yako alijue huwa umeshalihukumu mwenyewe. Akamwambia binamu yake tu, Kundaeli, aliyekaa jirani na mama. Akamwomba amweleze mama taratibu, amweke sawa. Kundaeli akakubali haraka, na mtu anayekubali haraka mzigo wa mwenzake mtazameni vizuri.

Basi wakatua. Mlima ulikuwa wazi siku hiyo. Haika aliutazama, akasema labda wangepita nyumbani hata nusu saa. Eliamani akasema dereva anasubiri na njia ni ndefu. Gari likaupa mlima mgongo.

Mbugani hapakuwa na mtandao. Watoto waliona simba, wakaona twiga, wakachoka kuona swala. Alhamisi alasiri walifika kwenye lango moja, simu zikaanza kulia, na Eliamani akampigia mama yake. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga mara ya pili na ya tatu. Mama Anansia alikuwa hazimi simu hata kanisani, mchungaji alishamsema mpaka akachoka. Eliamani akampigia Kundaeli.

"Mama yuko wapi? Simu yake haipatikani."

Kundaeli akajibu: "Ninyi njooni tu, kaka."

"Anaumwa?"

"Njooni tu. Mengine mtayaona hapa."

Kisha akakata.

Ninyi mmekua na simu mikononi, lakini hata ninyi mnajua kwamba kwetu msiba hausemwi kwenye simu. Mtu yuko mbali, peke yake, ana safari mbele yake, nani atamtupia neno kama hilo? Huambiwa aje tu. Eliamani alikuwa ameshaitwa hivyo mara moja, akiwa mwanafunzi Morogoro. Njoo tu, baba yako anakuuliza. Alipofika alikuta kaburi limeshachimbwa.

Akamwambia dereva wanarudi. Dereva akamkumbusha kuwa siku mbili zimebaki na fedha yake hairudishwi. Eliamani akasema ageuze gari.

Walilala njiani bila yeye kufumba jicho, wakaondoka kabla ya jua. Haika alijaribu kumtuliza, kwamba labda ni chaji, labda simu imeanguka majini. Yeye alikuwa akihesabu moyoni. Kama ni Jumanne, basi mama alikata roho wakati sisi tunapanda gari. Kama ni Jumatano, nilikuwa namshikia Manka darubini amtazame kiboko. Nyuma watoto walikuwa wakipitia picha na kucheka, naye alitamani kuwanyamazisha, akashindwa kupata sababu ya kuwapa.

Walipofika Moshi mjini Haika aliomba wasimame dukani mara moja. Alirudi na kanga mbili nyeusi, akazikunja na kuzisukuma ndani kabisa ya mkoba wake. Eliamani aliziona.

"Za nini hizo?"

"Ni kanga tu, baba Manka."

Alimkasirikia mkewe kwa kanga zile kuliko alivyowahi kumkasirikia kwa lolote, na hakumsemesha tena hadi mwisho wa lami.

Gari lilipokata kona ya mwisho, akaona turubai. Turubai kubwa la buluu, limefungwa uani kwa mama yake, na viti vya plastiki chini yake, na wanawake wameketi na mitandio kichwani. Jiko la mawe lilikuwa nyuma ya nyumba, na sufuria kubwa juu yake. Haika akasema, "Bwana wangu," basi. Eliamani akamwambia abaki na watoto. Alishuka peke yake, akaenda kwenye turubai.

Watu wakageuka. Hakuna aliyempokea, hakuna aliyelia. Walimtazama kama watu wasioamini macho yao, kisha wakasogea, na katikati yao, kwenye kiti cha mbao, alikuwa ameketi Mama Anansia, mzima, amekonda, macho mekundu.

Mama hakuinuka.

"Watoto wako wapi?" aliuliza.

"Wako kwenye gari, Mama."

"Wote?"

"Wote."

"Na mama yao?"

"Yupo nao."

Ndipo akanyoosha mkono, akamshika mwanawe kidevu, shavu, bega, taratibu, kama anayekagua chombo kilichoanguka. Eliamani alikuwa ameshapiga magoti na analia bila aibu. Alisema alidhani mama amekufa, kwamba tangu jana anakuja kumzika.

"Tangu jana," mama akasema. "Mimi ni tangu Jumanne. Turubai hili nililifunga la kukupokea. Saa nne ikapita, saa nane ikapita. Nikamuuliza Kundaeli wewe uko wapi. Akaniambia, atakuja tu, Mama, usiwe na wasiwasi."

Kundaeli alikuwa nyuma ya watu, ameinamisha kichwa. Aliona haya kumwambia mama mzima kwamba mwanawe ametangulia kuwaona wanyama, na kila alipojaribu kusema ulimi ulikataa. Mama alipoacha kula, akaogopa zaidi, na alipopigiwa simu hakujua aanzie wapi.

"Maneno hayo nayajua," mama aliendelea. "Baba yako alipokufa, mimi ndiye niliyekuambia uje tu. Nikajua gari lenu limeanguka na wananificha. Nikazima simu, nisije nikaisikia habari hiyo kwa mtu wa mbali. Jumatano vijana walikuja kulifungua turubai. Nikawakataza. Nikawaambia, kama haji kwa miguu yake, watakaomleta watahitaji kivuli."

Haika alikuwa ameshakaribia na watoto, akayasikia maneno yale, akaurudisha mkoba nyuma ya mgongo wake.

Eliamani akainuka, akaenda mpakani mwa kihamba, Kundaeli akamfuata bila kuitwa. Walikata jani la isale, wakalileta wote wawili kwa mikono miwili. Mnajua, jani hilo ukiletewa umeombwa msamaha, nao huwezi kuukataa. Mama alilipokea, akaliweka mapajani. Akawavuta wajukuu wawili, akawapapasa vichwa, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akaomba uji. Kabla haujaletwa akamwambia mwanawe maneno aliyobeba siku nne.

"Simba hawakuwa wakikusubiri, mwanangu. Anayesubiriwa hapiti kando."

Tangu siku hiyo mtoto wa ukoo huu akitua, hata kama gari la mbugani liko nje linaunguruma, huja kwanza aonekane, akae nusu saa, anywe kikombe, ndipo aende anakotaka. Na mwenye kuchelewa husema amechelewa wapi, kwa mdomo wake mwenyewe. Nderingo kwa fundi alikuwa na dakika ishirini tu, najua. Lakini mama yenu mdogo ni Manka, na siku ile alikuwa amesimama hapo hapo uani, ameshika simu yenye picha za simba, hana wa kumwonyesha. Anayesubiriwa hapiti kando.