Kwa Nini Mbwa Hujinyoosha Kabla ya Kuondoka

Nasikia mmetoka uwanjani mkibishana. Nyemo anasema mwalimu wa michezo anafanya vizuri kuwanyoosha viungo robo saa nzima kabla ya mbio. Malogo anasema huko ni kupoteza muda, kwani yeye alichelewa, akakimbia hivyo hivyo na akawa wa kwanza. Mimi sikusomea mambo ya misuli, na kwa umri huu nikijinyoosha ni mifupa inayolalamika. Lakini namjua aliyebishania jambo hilo kabla yenu, na najua lilimfikisha wapi. Sogeeni kivulini. Na wewe Malogo, mwache huyo mbwa mkia wake, maana habari yenyewe ni yake.

Wakati ninaousema, mbwa hakuwa akiamka kama anavyoamka leo. Alikuwa akifumbua macho tu, yuko mbioni. Alikuwa pia akisema, kama wanyama wote walivyosema wakati huo, na kwa kweli alisema kupita kiasi.

Watu wa nyika hii hawakuwa na makao ya mwaka mzima. Mvua zikikatika na mto ukabaki mchanga mtupu, walifunga vyombo vyao wakahamia milimani hadi mvua zirudi. Siku ya kuhama kila mtu alitembea kwa mwendo wake, ila wote walikutana kwenye jabali moja kubwa lililo nusu siku kutoka hapa, wakaliita Jiwe la Kungojea. Waliotangulia waliwangoja waliochelewa mpaka jua lifike utosini. Likishapita, mkuu wa safari aliinua fimbo yake, msafara ukaondoka, wala hakuna aliyeruhusiwa kurudi nyuma. Ambaye hajafika alihesabiwa kuwa amechagua kubaki. Msiwaone wabaya. Walikuwa na watoto wachanga na ng'ombe wenye kiu.

Katika watu hao alikuwapo mjane mmoja, Bibi Mbeleje. Watoto wake wawili alikuwa amewazika kabla hawajaota meno, na mume akawafuata. Aliyebaki naye nyumbani ni Mbwa. Bibi huyu alikuwa na jambo lake. Kila asubuhi, kabla ya kwenda popote, aliweka viganja chini, akaushusha mgongo mpaka viwiko vikagusa ardhi, akatulia hapo. Kisha akanyoosha mguu mmoja nyuma, halafu wa pili, taratibu, kana kwamba siku nzima ni yake. Wanawake waliokuwa wakienda naye mtoni walichoka kumngoja, wakawa wanaondoka bila kumwita. Kila mwaka alifika kwenye Jiwe akiwa wa mwisho.

Mkuu wa safari, mzee Chedego, alimfuata siku moja kabla ya kuhama akamsihi aache mambo yake asubuhi hiyo, atoke pamoja na wenzake. Bibi Mbeleje alimjibu kwa heshima kwamba bila mambo yake asingefika hata mlangoni. Mbwa alisikia maneno hayo akaona aibu. Alikuwa akiamini kwamba wasingekuwa wapweke namna ile kama si huko kujinyoosha.

Alfajiri wenzao waliondoka na mifugo yao. Bibi Mbeleje akaweka viganja chini kama kawaida yake. Mbwa alimzunguka akihema, akimhimiza. Hatimaye wakatoka, na kabla hawajavuka korongo la kwanza mgongo wa Bibi ukakaza. Alikaa chini ya mti wa miiba akisema maumivu yatapita. Mbwa akalala kando yake, jua likapanda, na maumivu hayakupita.

"Miaka yote unajinyoosha," Mbwa alimwambia, "leo umenyooka nini?"

Bibi alicheka, ingawa kucheka kulimuumiza. Akamwambia aende kwenye Jiwe amwombe Chedego watu wawili na machela. Muda ulikuwepo bado, kwa mbwa mwenye miguu minne. "Lakini umelala hapa muda mrefu, baba, na njia ni ndefu," akasema. "Jinyooshe kwanza."

Mbwa alisema hakuna muda wa mchezo huo. Haikuwa haraka peke yake iliyosema, ilikuwa pia hasira. Akachomoka.

Na alikimbia kweli. Njia ilipita chini yake, vichaka vikapita, kanga wakamkimbia. Jiwe lilikuwa limeshaonekana kwa mbali paja la nyuma liliposhikwa ghafla, kama limekamatwa na mkono. Alianguka. Aliulamba mguu, akausimamisha, ukakataa. Akaendelea kwa miguu mitatu, akilia, akiangalia kivuli chake kikifupika.

Mtaniuliza kama angejinyoosha paja lisingekaza. Sijui. Bibi alijinyoosha na bado mgongo ulikaza. Mbwa mwenyewe hakujua, na hakujua mpaka mwisho, na hilo ndilo lililomla.

Alipofika, jua lilikuwa limepita utosi kidogo tu, upana wa vidole viwili. Majivu yalikuwa na moto. Mavi ya ng'ombe yalikuwa mabichi. Vumbi la msafara lilionekana likielekea milimani, na upepo ulikuwa ukitoka huko kuja kwake, kwa hiyo alipobweka sauti ilirudi nyuma badala ya kwenda mbele. Angeweza kulifuata vumbi lile polepole na kuwapata walipolala. Alisimama akiliangalia mpaka likaisha. Kisha akageuka kurudi kwa Bibi.

Alifika jua likiwa limelalia magharibi. Bibi Mbeleje alikuwa amejikokota hadi kibandani, amewasha moto, amepika uji wa uwele. Pembeni ya chungu alikuwa ameweka vibuyu viwili vya uji, vimefunikwa vizuri, kwa ajili ya wale watu wawili wa machela. Alimtazama Mbwa, kisha akatazama njia nyuma yake.

"Wako nyuma yako?" akauliza.

Mbwa akasema wameondoka. Bibi alikoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva. Baadaye akauliza, bila ukali wowote, "Ulijinyoosha?"

"Nilijinyoosha," Mbwa akasema.

Alisema hivyo kwa woga, si kwa ubaya. Alikuwa amechoka, mguu ulimuuma, na hakuweza kuvumilia kuitwa mkosaji na mtu pekee aliyekuwa naye duniani. Alidhani ni neno dogo.

"Basi," Bibi Mbeleje akasema, "kumbe kazi bure."

Sasa nisikilizeni vizuri. Kubaki nyuma hakukuwa kufa. Wako waliowahi kubaki, wakakutwa wazima mvua ziliporudi. Uwele ulikuwepo. Mtoni kulikuwa na shimo la kuchimba maji, si mbali. Kilichotakiwa ni kuinuka kila siku, kwenda na kurudi. Na Bibi Mbeleje ndiye mtu aliyejua kuinuka kuliko wote waliomcheka.

Asubuhi ya pili maumivu yalikuwa yamelegea. Mbwa alikaa mlangoni akingoja aone viganja vikishuka chini. Havikushuka. Bibi alikaa kitandani akaitazama mikono yake, akainuka hivyo hivyo kama watu wengine, nyonga ikamshika, akakaa tena. Hakujaribu mara ya pili. Mbwa akaenda mtoni peke yake, akachimba, akalowesha kitambaa shimoni na kumletea mdomoni, na Bibi akakifyonza. Siku iliyofuata ikawa vile vile, ila Bibi hakukaa kitandani, alilala. Mbwa alimwambia ajinyooshe kidogo tu. Alimwambia mara nyingi. Bibi akajibu kwamba wamejaribu wote wawili, na wote wawili wameona.

Mbwa alitaka kusema ukweli pale pale. Lakini akajipa moyo kwamba atasema kesho.

Asubuhi ya kesho yake alimkuta amelala ubavu, uso umeelekea ukutani. Mbwa akausogelea mgongo ule, akaweka chini kitambaa chenye maji.

"Bibi, nilikudanganya," akasema. "Sikujinyoosha."

Hakujibiwa. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Alikuwa amechelewa tena.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Nyika ikitupwa na watu wake hukaa kimya kuliko makaburi, maana makaburini walau watu hupita. Mbwa alichimba maji yake, akawinda panya wake, akarudi kulala mlangoni mwa kibanda. Na kila alipoinuka aliweka miguu ya mbele chini, akaushusha mgongo mpaka viwiko vikagusa ardhi, akatulia. Kisha akanyoosha mguu mmoja nyuma, halafu wa pili, taratibu. Mguu haukukaza tena tangu hapo. Huenda ni kwa sababu hiyo, huenda si kwa sababu hiyo. Hakuwa na mbio za kukimbia wala mtu wa kumkimbilia.

Mvua ziliporudi, watu walirudi. Chedego alikuja moja kwa moja kwenye kibanda cha Bibi Mbeleje, maana jambo hilo lilikuwa limemkosesha raha huko milimani. Mbwa aliinuka kumpokea, na kabla ya kupiga hatua akafanya yale yote, mbele na nyuma. Chedego alijua mara moja ni nani aliyemfundisha, akavua kofia. Vijana waliokuwa naye walicheka, na yeye akawanyamazisha. Alimuuliza Mbwa imekuwaje. Mbwa alifungua kinywa akakifunga. Wengine husema ndipo mbwa walipoacha kusema. Hilo mimi silithibitishi, nasema nililolisikia.

Na tangu siku hiyo mbwa hainuki hivi hivi. Mtazameni huyu wangu mtakapoondoka kesho kurudi mjini, tukibaki mimi na yeye. Hata akitoka juani kuingia kivulini, mahali ambapo hakuna mbio wala safari, atajinyoosha kwanza. Kama kunamsaidia viungo, mwulizeni mwalimu wenu wa michezo, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini angalieni anachofanya akishamaliza. Ataacha kila kitu, asimame, akutazame usoni muda mrefu. Mnadhani anataka chakula. Anangoja umuulize kama amejinyoosha.