Shazia ya Fedha na Mikeka Sita

Hapo zamani, enyi mliotega masikio, palikuwa na mji wenye wakuu wengi kuliko visima. Alikuwapo Mkuu wa Visima, Mkuu wa Milango, Mkuu wa Kivuli, na wengine watatu ambao kazi yao ilikuwa kuwaangalia hao watatu. Jumla sita, na kila mmoja akiwaonea wenzake kijicho.

Siku moja Mkuu wa Kivuli aliketi kwenye mkeka wa Mkuu wa Visima, akiudhania wake. Baraza likavunjika kwa matusi. Jumbe, mtawala wa mji, akapiga mbiu:

"Ishonwe mikeka sita! Kila mmoja uwe na mistari mitatu: mwekundu, mweusi na wa kijani, asije mtu akasema amepunjwa rangi. Lakini mpangilio usifanane na wa mwingine, asije mtu akasema mwenzake kamkalia mkeka wake. Atakayefanikisha atapewa shazia ya fedha na ataitwa Fundi wa Baraza."

Shazia ni ile sindano nene ya kushonea mikeka. Kila nyumba ilikuwa na ya chuma. Ya fedha ilikuwa moja tu.

Kazija akaisikia mbiu, na moyoni mwake shazia ikawa yake tangu saa ile. Nani mwingine? Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yote mjini. Akasuka, akashona, akapanga, akapangua. Nyekundu, nyeusi, kijani: huo mmoja. Kijani, nyeusi, nyekundu: huo wa pili. Nyeusi, nyekundu, kijani: wa tatu. Kijani, nyekundu, nyeusi: wa nne. Nyekundu, kijani, nyeusi: wa tano. Kisha akakwama. Kila aliposhona wa sita, ulitoka kama uliokwisha shonwa.

Hapo akaja mdogo wake, Mize, ambaye Kazija hakumpenda sana tangu alipozaliwa, kwa sababu alizaliwa.

"Dada, unarukaruka kama panzi," Mize akasema. "Shika rangi moja, usiiache mpaka iishe. Nyekundu ikitangulia, zilizobaki zinapangika mara mbili tu. Yote miwili unayo. Kijani ikitangulia, mara mbili tu. Unayo. Nyeusi ikitangulia, mara mbili tu. Wako ni mmoja! Bado nyeusi, kijani, nyekundu."

Akaushona papo hapo.

"Na wa saba, wa akiba?" akauliza Kazija kwa ukali.

"Haupo, dada. Rangi za kutangulia zimekwisha."

Barazani mikeka ikatandazwa. Jumbe akaitazama, akasikia jinsi Mize alivyoupata wa sita, akainua shazia ya fedha akimwelekea Mize. Kazija akajipenyeza mbele. Mitano kashona yeye, vidole vimemchubuka yeye, halafu sindano imwendee mwenye mmoja?

"Subiri, Jumbe!" Akaunyakua mkeka wa Mize, akaugeuza, mbele ukawa nyuma, akaulaza kando ya ule wake wa tano. Nyekundu, kijani, nyeusi. Na huu: nyekundu, kijani, nyeusi. "Wa sita uko wapi? Huyu kaleta mkeka wangu, kaugeuza!"

Watu wakaguna. Kazija akaonja utamu, lakini haukufika tumboni. Mkuu wa Milango, aliyependa kufungua mambo, akaanza kugeuza na mingine. Wa pili wa Kazija ukawa wa kwanza. Wa nne ukawa wa tatu. Sita ikawa mitatu, na wakuu wakaanza kushikana kanzu.

"Ama kweli, mwenye wivu hachomi nyumba ya jirani kabla ya kujipaka mafuta," akasema mtu nyuma. Ni Riziki, wifi yao, mke wa kaka yao, ambaye mawifi hawakumlaumu kwa lolote ila kwa kila kitu. Kusuka mkeka hakujua. Alijua kushona taraza, ule ukingo mwembamba wa kupambia. Akatoa shazia yake ya chuma, akashona taraza nyeupe upande mmoja wa kila mkeka.

"Nyeupe imtazame Jumbe," akasema. "Anayegeuza, ampe Jumbe kisogo tuone."

Hakuna mkuu aliyethubutu. Mitatu ikarudi kuwa sita.

"Sasa shazia ni ya nani?" akauliza Jumbe.

"Mitano ni yangu," akasema Kazija. "Na kosa nimelifichua mimi. Nisingegeuza, mngegombana kesho."

"Wa sita ni wangu," akasema Mize. "Na bila mimi mngetafuta wa saba mpaka leo."

"Sikushona hata mmoja," akasema Riziki. "Ila bila uzi wangu mna mitatu, na wakuu sita."

Jumbe akamgeukia Kazija. "Kama si wewe, binti, basi nani?"

Kazija akamtazama Mize, akamtazama wifi yake, akatazama shazia ikimetameta. "Kama si mimi," akasema, "itupwe kisimani."

Mkuu wa Visima akasimama kupinga: kisimani hakitupwi kitu bila ruhusa yake. Basi shazia ikatundikwa ukutani mpaka wakuu sita waamue. Wameketi, kila mmoja juu ya mkeka wake, na bado wameketi.

Nyinyi msio na cheo cha kulinda, niambieni: mwenye mitano, mwenye wa sita, au mwenye uzi mweupe? Je, shazia ile ingekuwa mikononi mwenu, mngempa nani, na mngemwangaliaje Kazija usoni?