Mkwe Aliyejificha Bwawani

Wapendwa wangu, sogeeni karibu, na ninyi wa nyuma msije mkasema hamkusikia. Leo nataka tumtazame bwana mmoja aliyekaribia kufa kwa sababu ya adabu. Si pombe, si ugomvi. Adabu!

Bwana huyu Mungu alimjalia nyumba nzuri, na uani kuna bwawa la kuogelea lenye taa ukutani, chini ya maji. Jioni maji yanang'aa mpaka majirani wanachungulia. Basi balbu ya taa ile ikaungua. Na ikaungua wakati ana mgeni ndani: mama mkwe wake, amekuja kumtembelea binti yake. Mnajua kwetu mkwe ni mkwe. Mwanamume hakai naye meza moja, hampi mkono, na kuonekana naye kifua wazi, loo, afadhali ardhi ipasuke immeze.

Mkewe akiwa mlangoni na kikapu, anakwenda sokoni, akamwambia, "Mume wangu, kama unaitengeneza hiyo taa, zima umeme wote kwanza. Waya wake ni mrefu, ivute uilete juu pakavu, uifungulie huko. Na umwambie mama kwamba umezima."

"Nimwambie mama yako nini? Kwamba naingia majini na bukta?"

"Nani kataja bukta? Taja umeme!"

"Haya, haya. Nitamwambia."

Je, alimwambia? Thubutu! Alizima swichi kubwa pale barazani, mkabala na bwawa, akachukua karatasi, akaandika USIWASHE kwa herufi kubwa, akaibandika juu yake. Akajiona keshasema. Jamani, yule mama hajui kusoma! Na bwana anajua kwamba hajui. Sasa nawauliza, mtu anayemwandikia asiyejua kusoma, anataka ujumbe ufike, au anataka tu asifungue mdomo?

Wengine taa kama ile wanaitoa wakiwa wamelala ukingoni, mkono tu ndio unaingia majini. Kitambi cha bwana huyu hakikukubali. Akaingia mzima, na bukta yake. Akafungua skrubu, akaivuta taa kutoka tunduni mwake. Sasa aipeleke juu pakavu kama alivyoambiwa? Akatazama dirisha la chumba cha mkwe. Akatazama kifua chake. Akaamua kuifungulia palepale, maji yamefika kwapani, nyaya zi wazi mkononi.

Kumbe umeme ulipozimwa, mama mkwe alikuwa kwenye tamthilia yake. Binti wa watu ndiyo kwanza anataka kuambiwa baba yake mzazi ni nani, mara televisheni kimya. Mama akangoja. Akangoja tena. Mwisho akatoka barazani, "Hodi humu! Kuna watu, au nimeachwa na paka?"

Bwana kuisikia sauti ile, akavuta pumzi, akazama. Yeye na taa yake.

Mama akatazama bwawa, hakuona mtu. Akatazama ukutani. "Aa, kumbe swichi imeshuka yenyewe. Na hii karatasi ndiyo mapambo ya siku hizi?" Akaibandua, akajipepea nayo kidogo. Akainua mkono.

Kule chini bwana akafumbua macho. Anaona kanga nyekundu inayumbayumba juu ya maji, na mkono unapanda kwenye swichi. Mnadhani alifikiri nini? Alifikiri kwamba bukta yake ina tundu nyuma! Kifo kimeshasimama barazani kimevaa kanga, mtu anawaza tundu! Cheka, mama uliyekaa hapo mbele, cheka, lakini ukimaliza utaniambia tundu lako liko wapi.

Ndipo akamwona moyoni mkewe akirudi na kikapu chake cha nyanya, hajui analokuja kulikuta. Akachomoka.

"Mamaaa! Usiguse! Utaniua!"

Mama aliruka, karatasi kule, kandambili huku. Kisha akageuza uso ukutani, akavua kanga ya begani, akamrushia bila kutazama nyuma. Bwana akapanda, akajifunga, akaeleza yote.

"Kwa hiyo, baba, ulijificha nisikuone?"

"Ilikuwa heshima, mama."

"Heshima! Na ungefia humo, wangekuopoa umevaa suti?"

Ndugu zangu, mimi neno hilo halinitoki masikioni. Wangekuopoa umevaa suti? Maana ndivyo tulivyo sisi. Maji yametufika kwapani, ndoa nyaya wazi, mtoto nyaya wazi, ugonjwa umefichwa chini ya gauni, na tukiulizwa habari tunajibu nzuri tu. Tunabandika karatasi usoni, halafu tunamlaumu mwenzetu kwamba hakusoma. Tena tunamficha nani? Yule yule ambaye mkono wake uko karibu na swichi! Na Mungu je? Yeye aliyekuumba na kitambi chako, unamzamia?

Sikieni basi ilivyokwisha. Yule mama alivuta kiti, akakaa chini ya swichi, mgongo kwa mkwewe. "Fanya kazi yako. Hapa hapiti mtu." Bwana akaiweka taa juu pakavu, akatia balbu mpya, akabadilisha na ule mpira wa kuzuia maji, akaifunga, akaingia tena majini, akairudisha tunduni akakaza skrubu. Akatoka majini. Akajifuta. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aoe, akamwomba mkwewe kitu.

"Mama, naomba uwashe."

Na mkono ule ule uliotaka kumuua ukapanda, na maji yote yakang'aa.

Nendeni nyumbani mkamwambie aliye karibu na swichi. Kwa mdomo.