Zimwi Lililoambiwa Bado

Hadithi njoo, jiko liko moto!

Hapo kale, digrii zikiwa tayari hazilishi mtu, Kidawa alichoma paja la kondoo uani, mama yake mgonjwa kalala mkekani kando. Harufu ikaleta zimwi, dogo kama paka.

“Binti, nyama imeiva?”

“Bado,” Kidawa akadanganya, ili lichoke liondoke.

Zimwi likavimba, likawa kama mbuzi. “Imeiva?”

“Sori, bado. Njoo baadaye.”

Likafika kimo cha mlango. “Imeiva?”

“Bado, bwana! Tutakupigia.”

Likapita paa, likamwinamia mama, kinywa wazi. “Basi nitakula huyu.”

Kidawa akayasikia maneno yake mwenyewe. Tutakupigia! Maneno hayo si ya wale mabosi waliomsotesha kwenye mabenchi ya intavyuu, mpaka hasira ikavimba ndani yake? Kumbe mazimwi hulelewa hivi.

“Iliiva zamani,” akasema. “Nilikudanganya. Kaa, tugawane.”

Akakata mapande matatu. Kila tonge zimwi lilipungua, hadi likaenea kukaa mkekani kama mgeni yeyote.

“Kipande kidogo tu kingenitosha,” likanung’unika.

Ngano yangu imeishia hapo. Mabenchi yale, jamani, bado yamejaa watu.