Fiwi Nyeupe za Naghenjwa

Hapo zamani za njaa, milimani Upare, nyumba ya Naghenjwa ilikuwa na fiwi zake za maua meupe. Majirani wote walipanda za zambarau. Mwanamke wa nyumba ile akifa, hupandiwa nyeupe kaburini. Asiyepandiwa, huhesabiwa hajaagwa. Na ashikaye mbegu ndiye hurithi shamba la bondeni.

Jua likaua mimea yote, ukabaki mmoja, mpakani kwa jirani. Nakunda, binti mkubwa, akaubebea maji kutoka mtoni, kutwa mara tatu, miezi miwili. Akapata maganda matano. Lakini nyuki hawajui mpaka. Mbegu zilipopandwa, zote zikachanua zambarau.

Naghenjwa akatema mate. "Umeniletea ukoo wa watu. Zikivunwa zipikwe, ziishe."

Nakiete, binti mdogo, akainjika chungu. Mama akala akashiba, asijue kwamba nusu ya mavuno imo kibuyuni, darini. Kuzipanda Nakiete aliogopa.

Mwaka wa pili Naghenjwa akaugua, hakuinuka tena. Mkazamwana wake, Namsifu, akakiona kibuyu akipanga kuni darini. Akapanda bila kuuliza mtu. Wifi yake Nakunda akamcheka: "Utavuna nini, wifi? Zambarau huzaa zambarau."

Zikachanua. Zambarau, zambarau, zambarau. Na katika kila mimea minne, mmoja ukatoa nyeupe.

Namsifu akaliweka ua kiganjani mwa mgonjwa. "Weupe haukufa, mama. Ulifunikwa tu. Mtoto humruka mama yake, akazaliwa na pua ya bibi. Nimezipanda mimi."

"Ungepanda nini bila maji yangu?" akasema Nakunda.

"Maji yako yalikwisha kuwa mboga," akasema Nakiete. "Na mmea ukauacha ukumbatiane na wa jirani. Nani alizitoa chunguni?"

"Mwongo wewe. Mama ulimlisha uongo."

"Ndiyo, mwongo. Na mama ataagwa."

Naghenjwa akawatazama. Mmoja alimwagilia, mmoja aliiba, mmoja hakuwa wa damu yake. Lakini hata zambarau ile ilikuwa ya watu, na tumboni ilibeba nyeupe yake. Akafumbata ua, akafungua kinywa amtaje mtu. Pumzi ikakatika.

Kaburi limekwisha kupandwa. Mbegu zilizobaki hazijai kiganja, na shamba la bondeni linangoja jembe. Nyinyi mnaokula fiwi za watu mkapangusa midomo, semeni basi: mbegu zishikwe na nani?