Mlangoni kwa Bwana Fumo

"Mtumbwi huu ni wa marehemu mama yangu," alisema Mize.

"Umeupandisha kwenye ufuo wangu, basi ni wangu," akajibu Bwana Fumo, tajiri mwenye nyumba kwenye kisiwa cha matumbawe huko mbali. Mashua zake mbili zilikwisha kutobolewa na miamba ya huko.

"Nifanye nini unirudishie?"

"Nifikishe mlangoni, kanzu yangu ikiwa kavu. Utaupata papo hapo."

"Mlangoni tu?"

"Mlangoni tu. Kuingia ndani nina miguu yangu, sihitaji kubebwa."

Wavuvi wote pale ufuoni walisikia.

Mize akapiga kasia asubuhi nzima, bwana amekaa katikati kama bibi harusi. Adhuhuri akauingiza mtumbwi kwenye pengo kati ya miamba miwili, akaweka kasia chini. Maji yalikuwa ya kiunoni. Nyumba ilionekana kule mbali, ndogo kama kiberiti.

"Mbona umesimama?"

"Kanzu ni kavu?"

"Kavu."

"Basi tumefika. Pengo la mwamba kama hili, mabaharia wote huliita mlango. Mtumbwi sasa ni wangu, nami sichukui abiria. Karibu ndani, bwana. Miguu si unayo?"